Mafuta Gani?

Ujumbe ulinikuta kazini Upper Hill, Nairobi, nikiwa kwenye foleni ya chai. Ulikuwa mfupi na wenye hasira: "JUMATATU HAKUNA KUNUNUA MAFUTA. Hata tone. Tukishikana bei itashuka. Atakayenunua ni msaliti. Sambaza." Haukuwa na jina la aliyeuandika. Ulitoka kwenye kundi la wapangaji wa ploti yetu kule Kinoo, na kabla sijaumaliza ukaingia tena kutoka kwa watu niliosoma nao chuo kikuu, kisha kutoka kwa binamu yangu wa mtaa wa Jamhuri, ambaye ana gari na huliwekea petroli kidogo kidogo, kama mtu anayempa mtoto dawa ya kikohozi.

Nilimwonyesha mwenzangu wa idara ya hesabu. Yeye ni mtu wa Mombasa, amenizidi umri, na husahihisha Kiswahili cha kila mtu ofisini bila kuombwa. Alivaa miwani, akasoma, akairudisha simu.

"Mafuta gani?" akauliza.

"Si ni petroli? Mafuta gani tena?"

"Mimi nauliza tu, dada. Kuna mafuta ya taa, kuna ya kupikia, kuna ya nazi, kuna ya kujipaka. Mke wangu akiletewa hii, Jumatatu tutakula samaki wa kuchemsha na watoto wataenda shule wamepauka."

Foleni nzima ilicheka. Msichana wa mapokezi akasema basi hata mchungaji wao aahirishe mafuta ya upako. Mimi pia nilicheka, lakini swali langu lilikuwa jingine, nami sijui kukaa na swali. Nikamuuliza kama siku moja ya kutonunua inaweza kushusha bei ya kitu kinachochimbwa mbali, kikapakiwa melini mbali, kikauzwa na watu wasioijua Kinoo.

"Tangi halijui Jumatatu," akasema. "Usipojaza leo utajaza kesho. Muuzaji atalala vizuri tu."

"Na serikali?"

"Serikali ndiyo hutangaza bei kila katikati ya mwezi. Lakini serikali yenyewe inakula hapo hapo kwenye bei. Utamwambia mtu apunguze sahani yake mwenyewe?"

"Mbona nchi nyingine zimepunguza kodi?"

"Zikapunguza, halafu zikaongeza kwingine," akasema, akachukua chai yake. Sikuridhika. Kila jibu lake lilikuwa zuri, na mimi majibu mazuri hunitia wasiwasi.

Jioni ile nilimkuta mama mdogo wangu anamenya viazi. Nimeishi naye Kinoo tangu mwaka wangu wa kwanza wa masomo. Ni mdogo wake mama, alitoka kwetu Ukambani akiwa msichana, na kwa miaka yote hiyo ameuza chips kando ya barabara. Kwanza aliuza kwenye toroli, halafu chini ya mwavuli, akifukuzwa huku na kule, mpaka alipopata nafasi kwenye baraza ya duka la vifaa vya ujenzi, mkabala na stage, kituo cha magari. Hapo kila anayeshuka kwenye gari hukutana na harufu ya karai lake kabla hajakutana na kitu kingine. Nafasi hiyo ndiyo iliyonimalizia chuo. Mwenye duka alimpa kwa sharti moja, ambalo hulikumbusha kila mara anapofungua mlango asubuhi: asisikie fujo. Ana vioo, ana rangi na vitu vinavyoshika moto. Siku atakayosikia fujo, karai liondoke.

Mama mdogo alikuwa ameupata ujumbe ule kwenye kundi la akina mama wa kanisani.

"Wamesema mafuta," akaniambia.

"Ni ya magari, Mama."

"Hawakuandika ya magari."

"Lakini kila mtu anajua ni petroli. Salad haihusiki."

Salad ndilo jina letu Nairobi la mafuta ya kupikia yaliyo majimaji, yale ya mtungi wa njano. Aliacha kumenya, akanitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba mvua ya jirani haihusiani na mvua yake.

"Salad imepanda kila petroli ilipopanda. Viazi vinakuja na lori, na lori halisukumwi. Makaa yanakuja na lori. Sasa wewe unaniambia haihusiki?"

Nilichukua kisu cha pili, nikaanza kumenya. Kabla ya makaa alipikia jiko la mafuta ya taa. Serikali ikaongeza kodi ya mafuta ya taa, ikisema inawazuia wafanyabiashara wanaoyachanganya na dizeli. Sijui kama wachanganyaji walizuilika. Ninachojua ni kwamba jiko letu la bluu lilihamia chini ya kitanda, na kifua cha mama mdogo kikaanza kukoroma. Tangu hapo, kila nikisikia serikali imechukua hatua kuhusu mafuta, huuliza kwanza hatua hiyo imemkanyaga nani.

"Jumatatu utafungua?" nikamuuliza.

"Nitafungua. Mtungi nilinunua Jumamosi iliyopita. Wamesema tusinunue, nami sitanunua."

Jumatatu magari yalikuwa machache barabarani, na ofisini tukaambiwa anayeweza afanyie kazi nyumbani. Nilifungua kompyuta, nikaifunga, nikatoka. Siwezi kukaa ndani jambo likitokea nje, hasa jambo ninaloamini halitafaulu.

Waendesha pikipiki wa stage yetu walikuwa wamepanga pikipiki zao mlangoni mwa kituo cha petroli kilicho juu kidogo ya kibanda cha mama mdogo. Wahudumu wa pampu walikaa kwenye ndoo zilizopinduliwa, wanacheza na simu. Mwenyekiti wa stage alikuwa katikati, mwanamume mrefu asiyevua koti lake zito hata jua likiwaka. Ndiye hunibeba asubuhi nyingi kutoka kwenye ploti hadi barabarani.

"Msomi wetu," akasema. "Leo hakuna kazi?"

"Nimekuja kuona. Na kesho itakuwaje?"

"Kesho ni kesho."

"Yaani kesho mtajaza mara mbili?"

Kijana mmoja mwenye helmeti nyekundu akaguna. "Huyu siste alisomea kuvunja watu moyo?"

"Alisomea kuuliza," mwenyekiti akasema. "Wacha aulize. Lakini siste, usianze. Kila mwezi tunaambiwa imepanda na tunanyamaza. Leo tumekataa. Hata kama haitashuka, si wajue tulikataa?"

Nilijibana kando ya ukuta, nikatazama. Kwa muda mambo yalikwenda vizuri. Teksi mbili zilikaribia zikageuka. Mzee mmoja mwenye pikapu ya maziwa alibishana nao, akazomewa, akaenda zake. Kila gari lililogeuka lilishangiliwa, na kwa kweli hata mimi nilianza kuhisi kitu kifuani, kama mtu anayesikia wimbo alioapa kuuchukia.

Kisha ikaja pikapu ya polisi, na nyuma yake gari kubwa jeusi lenye vioo vya giza. Sijui kama yalikuwa pamoja. Askari hakushuka. Aliteremsha kioo, akatazama zile pikipiki, akasubiri. Mwenyekiti ndiye aliyeshika pikipiki yake mwenyewe na kuisogeza, akawaonyesha wengine kwa kidevu nao wasogeze. Pikapu ikajaza. Gari jeusi likajaza, likachukua muda mrefu, pampu ikilia ule mlio wake, na wale vijana wote wamesimama wanatazama bomba la mpira likiwa tangini. Magari yalipoondoka hakuna aliyezomea.

Kimya cha baada ya hapo kilikuwa kibaya. Nimeshakiona shuleni, mwalimu akimaliza kumchapa mkubwa wa darasa mbele ya wadogo. Mtu hutafutwa.

Upepo ulikuwa ukipanda kutoka kwenye stage. Kijana wa helmeti nyekundu akainua pua, akanusa harufu ya chips.

"Na yule mathe wa chipo," akasema. "Yeye anapikia nini? Maji?"

Niliwatangulia, lakini si kwa mbali. Nilimkuta mama mdogo ameinama juu ya karai, viazi vimeshaingia, mafuta yanavuma. Kwenye benchi, kati ya jiko na ukuta wa duka, alikuwa ameketi mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akisubiri mfuko wake. Sikupata nafasi ya kusema zaidi ya "Mama, wanakuja," nao walikuwa wameshafika, wamezunguka kibanda kwa nusu duara, na nusu nyingine ilikuwa ukuta.

"Mathe, zima," akasema wa helmeti.

"Nizime nini?"

"Jiko. Leo hakuna mafuta."

"Hakuna kununua mafuta," mama mdogo akasema. "Umeona nikinunua?"

"Mafuta ni mafuta."

"Hiyo ni salad," nikaingilia. Sauti yangu ilitoka juu kuliko nilivyotaka. "Si petroli. Ni biashara mbili tofauti."

Wakacheka, si kwa furaha.

"Sikia msomi. Kwani salad inapandwa Kinoo?"

"Salad inatoka nje, petroli inatoka nje," akasema mwingine kutoka nyuma. "Bei inatoka nje. Sisi ndio tuko ndani."

Jambo lililoniudhi ni kwamba hakuwa amesema upuuzi. Nilikuwa na maelezo kichwani, marefu, yenye sehemu kadhaa, na hakuna sehemu hata moja ambayo ingesaidia mbele ya karai linalochemka. Yule wa helmeti alikuwa ameshaokota kitambaa cha mama mdogo, akakizungusha kwenye mkono mmoja wa karai.

"Tumwage tuone kama itauzwa."

Aliliinua upande mmoja. Kidogo tu. Mafuta yalitambaa hadi ukingoni upande wa benchi, tone likaangukia makaa, na moto ukaruka hadi usawa wa uso wake. Watu wote walirudi nyuma isipokuwa wale wasioweza. Mama wa mtoto alikuwa amejibandika ukutani, ameugeuza mgongo wake uelekee ukuta ili mtoto awe nyuma yake. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa meza ya viazi, na ninakumbuka kwamba nilikuwa nikihesabu akilini ni upande gani mafuta yatamwagikia, na kila upande ulikuwa na mtu.

Mama mdogo hakumgusa. Aliweka chini chujio lake, akapangusa mikono kwenye aproni, akasema kwa sauti ile anayotumia kuuliza mtu kama anataka pilipili.

"Mwanangu, ukimwaga hii, saa hii hii nitaenda dukani kununua ingine. Viazi nimeshamenya, siwezi kurudisha maganda. Nitanunua mtungi mzima. Na nikiulizwa kwa nini nimenunua mafuta Jumatatu, nitasema ni wewe umeninunulisha." Akamtazama usoni. "Sasa useme. Unataka ninunue ama nisinunue?"

Yule kijana alibaki ameshikilia. Niliona akilifikiria lile swali, na niliona linavyomkera kwamba halina mlango wa kutokea.

"Mathe amekufunga bao," mtu akasema nyuma.

"Na hizo pikipiki," mama mdogo akaongeza, "zimekuja hapa na maji?"

Hapo kicheko cha kweli kikapita, kifupi. Mwenyekiti akasogea mbele. "Weka chini, wewe. Polepole."

Karai likarudi jikoni. Mafuta yalicheza huku na huku, yakatulia. Na wakati huo huo, kabla yeyote kati yetu hajashusha pumzi, mlango wa duka ukafunguka na mwenye duka akatoka, funguo mkononi.

"Kuna nini hapa?"

Nilimtazama mama mdogo. Mbele ya karai lililoinuliwa alikuwa mtulivu, lakini sasa midomo yake ilikuwa imekauka. Hakumtazama mwenye duka. Alimtazama mwenyekiti wa stage, na mwenyekiti akamtazama yeye, halafu akamtazama mwenye duka, na nikaona jinsi alivyoelewa. Neno lake moja lilitosha. Fujo au si fujo, yeye ndiye angesema.

"Hakuna kitu, mzee," akasema. "Tumekuja kula chipo."

"Wote hawa?"

"Tumegoma, mzee, na kugoma kunaleta njaa."

Mwenye duka hakuondoka. Alisimama mlangoni kuona kama kweli watakula. Mwenyekiti akainama juu ya meza, karibu na sikio la mama mdogo, lakini mimi nilikuwa pale pale na nikasikia kila kitu.

"Lakini, mathe, leo tuko kwa vita ya bei. Hatuwezi enda hivi hivi. Shusha ashu kwa mfuko. Tukule, tuende."

"Shilingi kumi nzima nitoe wapi?"

"Shusha tu." Akamtupia jicho mwenye duka, akarudisha macho. "Hatutaki kelele, si ndio?"

Mama mdogo aligeuza viazi. Akavigeuza tena ingawa havikuhitaji.

"Haya," akasema.

Walikula wamesimama, wakalamba pilipili vidoleni, wakamtania yule wa helmeti kwamba nyusi zake zimeiva. Mama wa mtoto alichukua mfuko wake wa kwanza, akaondoka bila kuaga. Mwenyekiti alipiga picha kile kipande cha katoni ambacho juu yake mama mdogo alikuwa ameandika bei mpya, akaituma kwenye kundi. Nilipofungua simu yangu jioni nikaikuta, imeandikwa chini yake: "Kinoo bei imeshuka. Umoja ni nguvu." Watu walikuwa wameweka vijipicha vya ngumi na moto na mikono ya kupiga makofi. Hata binamu yangu wa Jamhuri alikuwa ameweka makofi.

Katikati ya mwezi bei mpya ikatangazwa. Petroli ilishuka. Si sana, lakini ilishuka, na stage ya Kinoo ililipuka kwa honi. Waliitembeza habari hiyo kama kombe. "Si tulisema?" mwenyekiti aliniuliza kutoka ng'ambo ya barabara, amefungua mikono yake yote miwili ndani ya lile koti. "Uliza sasa, msomi."

Nilimuuliza yule mwenzangu wa hesabu ofisini. Alinieleza kwamba mafuta yanayouzwa mwezi huu yalinunuliwa zamani, yakiwa bado melini, na bei yake ilishaamuliwa kabla mtu yeyote Kinoo hajaegesha pikipiki. "Ingeshuka hata kama mngelala," akasema.

"Unajuaje?"

"Ndivyo inavyofanya kazi."

"Lakini unajuaje kwamba hakuna mtu aliyeogopa? Labda kulikuwa na kodi fulani ya kuongeza mwezi huu, mtu akaona picha za vituo vitupu, akasema tungoje kidogo. Hilo lingeonekana wapi?"

Alifikiri. "Lisingeonekana popote," akasema.

"Basi hujui."

"Wala wewe hujui, dada."

Ni kweli, sikujua. Sijui mpaka leo. Ninachojua ni kitu kidogo zaidi. Tangu kisimani hadi baharini hadi kwenye bomba hadi kwenye pampu, kuna watu wengi wanaogusa bei, na sisi hatumfikii hata mmoja wao. Tuliyemfikia alikuwa amesimama kwenye baraza ya mtu, anakaanga.

Kwa maana salad haikushuka. Ilikaa pale pale ilipokuwa, na bei ya mfuko wa chips ilikaa pale chini iliposhushwa. Mama mdogo hakulalamika. Alianza kukata viazi vyembamba. Akaacha kuweka kachumbari isipokuwa kwa anayeomba. Akaanza kukaangia mafuta yale yale mpaka yanakuwa meusi kama chai ya rangi, yanatoa moshi wa kuchoma macho, na jioni alikohoa akiwa ameshika ukuta. Wateja wa zamani walionja, wakatazama mfuko, wakaenda kwa muuzaji mwingine aliye chini karibu na daraja la waenda kwa miguu. Mwenye duka alitoka mara moja, akanusa, akasema rangi zake zitashika harufu.

"Rudisha bei," nikamwambia.

"Nikirudisha watarudi."

"Waje. Tutaita polisi."

"Wakija na polisi wakija, hiyo si ndiyo fujo?" Alikuwa amekaa kitandani, miguu ndani ya beseni. "Wewe ukiongea, ni kama mimi nina baraza ingine mahali."

Katika nyumba ile ndiye mtu pekee anayeninyamazisha.

Asubuhi moja nilichelewa, nikapanda pikipiki ya mwenyekiti kutoka kwenye ploti hadi barabarani. Tulipofika nilimpa nauli nikapunguza kidogo, makusudi. Akaitazama ile pesa kiganjani.

"Siste, imepungua."

"Petroli si imeshuka? Mlisema ni nyinyi mliishusha."

"Imeshuka, ndio."

"Sasa nauli?"

Hakuona haya hata kidogo. Aligonga tangi la pikipiki yake kwa vidole, kama mtu anayempigapiga ng'ombe mgongoni.

"Hii nimebeba ni ya zamani," akasema.

Nilimlipa zilizobaki. Jioni nilimsimulia mama mdogo kama kichekesho, nikiiga hata ile sauti na vile vidole kwenye tangi. Hakucheka. Alinisimamisha.

"Alisema aje? Rudia."

Nikarudia.

"Alisema hivyo hivyo? 'Ni ya zamani'?"

"Hivyo hivyo."

Akaendelea kumenya. Baadaye nikaona anamenya viazi vingi kuliko siku zilizotangulia, na anavikata vinene.

Jumamosi sikuwa na kazi, nikaenda kumsaidia. Alikuwa amemwaga yale mafuta meusi na kufungua mtungi mpya. Kile kipande cha katoni kilikuwa kimegeuzwa, na upande wa nyuma, kwa kalamu nene, ilikuwepo bei ya zamani. Nilikata kachumbari, na kila pikipiki iliposimama kando ya barabara kisu kilipunguza mwendo chenyewe.

Walikuja mchana, mwenyekiti na yule wa helmeti nyekundu, na nyuma yao wengine wachache waliokuwa hawana abiria. Mwenyekiti aliinua mkono kuagiza, halafu akaona katoni.

"Mathe, hii ni nini?"

"Ni bei."

"Tulikubaliana nini?"

"Tulikubaliana siku ile."

Yule wa helmeti akapita upande wa jiko, mahali pale pale aliposimama Jumatatu ile. Kitambaa kilikuwa pale pale pia, kwenye ukingo wa meza. Nilikiona, naye alikiona. Ndani ya duka mtu alikuwa akipima misumari kwenye mizani, nikaisikia inavyoanguka, kisha ikaacha kuanguka. Mwenye duka alikuwa amesimama kusikiliza.

"Mathe," mwenyekiti akasema, taratibu, "kila mtu anajua mafuta imeshuka."

"Imeshuka," mama mdogo akakubali. Alichukua chujio, akagonga ukingo wa karai mara moja, tang, kwa njia ambayo nilijua mara moja ni ya nani. "Lakini hii niko nayo ni ya zamani."

Mwenyekiti aligeuza kichwa akanitazama mimi, na mimi nikatazama kachumbari. Nilihisi macho yake hapo usoni kwa muda mrefu. Yule wa helmeti alikuwa ameshaweka vidole kwenye kitambaa, anamtazama mwenyekiti, anangoja.

"Ya zamani," mwenyekiti akasema.

"Ya zamani kabisa."

"Na itaisha lini?"

"Siku itakapoisha ile yako ya tangini."

Mafuta yalivuma kati yao. Mwenyekiti alisugua kidevu kwa kola ya koti lake, akatazama kule stage, ambako abiria mmoja alikuwa ameshuka na anatafuta pikipiki kwa macho, mwanamke mwenye mizigo miwili, wa kulipa nauli ile ile ya zamani. Halafu akaingiza mkono ndani ya koti.

"Wacha hicho kitambaa," akamwambia mwenzake.

Alilipa bei iliyoandikwa. Alichukua mfuko wake, akala pale pale mbele ya karai, polepole, bila kumtazama yeyote, na ndani ya duka misumari ikaanza tena kuanguka kwenye mizani. Mama mdogo akaongeza viazi.